Je, uzee wa sasa ni wa hatari zaidi?

SWALI: Baba yangu ana miaka 81. Nimesoma kwamba wanaume wa miaka 65 na zaidi wanaofariki kila mwaka ni wengi kuliko miaka 40 iliyopita. Niogope?

JIBU: Usiogope, ndugu yangu, na umfikishie mzee shikamoo yangu. Nimeshughulika na takwimu za vifo kwa muda mrefu, na huniuma idadi tupu kama hiyo ikitangazwa peke yake. Wazee wenyewe wameongezeka! Kwanza gawanya vifo kwa idadi ya wazee walio hai. Hata hapo bado, maana kundi hilo lina wa miaka 66 na wa 92, na wa 92 siku hizi ni wengi kuliko zamani. Basi linganisha wa 70 hadi 74 wa leo na wa 70 hadi 74 wa wakati ule, kundi kwa kundi. Ukifanya hivyo kwa Uingereza au Marekani, utaona viwango vimeshuka sana tangu miaka ya 1970, hasa vifo vya moyo na kiharusi: wanaume wengi waliacha sigara, na dawa za shinikizo la damu zikaenea. Mwaka 2020 usiufanye kipimo, kwa sababu ya UVIKO-19.