Maswali ya zege: dawa ya "kujimwagilia" na uvivu wetu

Maswali ni mengi safari hii na nusu yake ni lilelile, kwahiyo naanza nalo.

Nikitia dawa ya kujimwagilia kwenye zege, ile ya kulitunzia unyevu kwa ndani, naacha kabisa kumwagilia maji?

Hapana. Aliyekuambia hivyo anauza dawa.

Hizi dawa zinafanyaje kazi hasa?

Ziko za aina tatu na watu wanazichanganya ovyo. Kuna ya maji, polietilini glaikoli, wengi wanaiita PEG, hiyo inashikana na maji yaliyomo kwenye zege yasiwe mepesi kupaa na upepo. Kuna ya unga, polima zinazofyonza maji, ndugu wa zile punje za kwenye nepi, zinayashika wakati wa kuchanganya halafu zinayaachia polepole ndani zege likianza kukauka. Na kuna kokoto nyepesi zenye vitundu, hizi zinalowekwa kwanza mpaka zishibe, siku nzima au zaidi, sio kurushiwa ndoo moja dakika tano kabla ya kuchanganya halafu unasema umeloweka.

Sasa sikiliza hapa maana ndipo watu wanapopotea. Saruji kilo 100 inataka kama kilo 42 za maji ili yote ipate kukomaa zege likiwa limefunikwa vizuri. Ukichanganya zege zito la maji kidogo, tuseme kilo 30 au 35, lile la nguvu kubwa lenye silika fyumu (unga laini sana wa kuongeza nguvu) na dawa ya kulilegeza, maji yanaisha humo ndani, linajikausha lenyewe, linasinyaa na kupasuka hata kama hakuna jua, na ukimwagilia juu maji hayaingii mbali kwasababu limeshikana mno. Huko ndiko maji ya akiba ya ndani yana faida kubwa. Wewe wa kumwaga maji kwa macho mpaka zege linatiririka kama uji, tatizo lako sio maji ya ndani, una maji ya ziada tayari! Punguza maji kwanza halafu ndio tuongee dawa.

Fundi anataka tuzidishe kipimo ili zege liwe gumu zaidi.

Mzuie leo hii. PEG kwa kawaida ni kama asilimia 0.5 mpaka 2 ya uzito wa saruji, yaani gramu 250 mpaka kilo moja kwa mfuko wa kilo 50, ukizidisha nguvu inashuka. Polima ni kidogo zaidi, mara nyingi chini ya asilimia 0.6, na kila punje ikishatoa maji yake inaacha kitundu. Vitundu vingi, zege dhaifu, hesabu ndogo tu.

Basi si nitoe zile punje kwenye nepi nitumie?

Usifanye. Maji ya saruji yamejaa chumvi na chokaa, punje inayofyonza mara mamia ya uzito wake kwenye maji safi, humo inafyonza sehemu ndogo sana, na za nepi hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Dawa ya kupulizia juu ya zege ni hiyohiyo?

Sio. Ile inaweka ngozi juu ili maji yasitoke. Na usipige plasta wala kubandika tailizi kwenye sehemu uliyopulizia kabla hujaiondoa hiyo ngozi, havitashika.

Slabu yangu imepasuka masaa matatu tu baada ya kumwaga, ningetia dawa ingepona?

Ingesaidia kidogo pengine, ila huo ni ufa wa jua na upepo, uso unakauka haraka kuliko maji yanavyopanda kutoka chini. Ungefunika na nailoni mara tu baada ya kulainisha, au ungerusha ukungu wa maji, halafu ukaliweka na unyevu siku 7, saruji ya mchanganyiko (ile iliyotiwa unga mwingine kiwandani) ipe hata 10 au 14. Kazi ya nailoni na mtu mmoja mwenye mpira wa maji, lakini wote tunatafuta chupa ya dawa.

Muuzaji anaipima kwa kikombe, haina lebo. Ninunue?

Lebo hamna, kipimo hamna, unanunua nini sasa? Dai karatasi ya maelezo ya kiwanda. Hata ukiipata, tengeneza vipande vya zege vya majaribio, vingine na dawa vingine bila, mchanganyiko uleule, vivunjwe siku ya 7 na ya 28. Akikataa kusubiri siku 28, mwache aende na kikombe chake.