Uvimbe wa taya la mdogo wako: usikimbilie kung'oa jino

Pole dada, umeuliza kama mdogo wako ang'olewe gego kwa sababu ya uvimbe wa taya. Uvimbe usiouma nyuma ya taya la chini, na eksirei yenye weusi uliogawanyika kama mapovu ya sabuni: hapo daktari hufikiria kwanza ameloblastoma, uvimbe unaotokana na chembe zinazotengeneza meno. Si saratani, ila hula mfupa polepole, na ukikwanguliwa tu mara nyingi hurudi. Lakini hata uvimbe-maji wa gego lisiloota huweza kufanana nao, kwa hiyo picha peke yake haitoshi. Gego lisubiri kwanza! Ombeni OPG, ile picha ya mataya yote, ikibidi na CT, picha ya kompyuta inayoonyesha mfupa tabaka kwa tabaka, kisha kinyama kikatwe kipelekwe maabara. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wapo mabingwa wa upasuaji wa kinywa na taya. Mdomo ukianza kufa ganzi au uvimbe ukikua haraka, msingoje tarehe ya kliniki.