Usilipe hata senti kabla miguu haijakaguliwa

Ndugu yangu, simama hapohapo. Umeuliza aina gani ya farasi inamfaa binti yako kwa kuruka viunzi, na kama aanze na tandiko la Kiingereza au la kikauboi. Halafu katikati ukatupia kwamba dalali wa Nairobi amekutumia video ya Thoroughbred, aina ya farasi wa mbio, aliyestaafu, na Ijumaa unatuma advansi. Usitume!

Mimi nilituma. Farasi alishuka Kigamboni manyoya yanang'aa, anatembea kama bwana harusi. Haikupita muda akaanza kuchechemea mguu wa mbele. Daktari wa mifugo akapitisha vidole nyuma ya mfupa ulio chini ya goti: kano imevimba, ina joto, ukibonyeza anavuta mguu. Jeraha la zamani. Swali lake la kwanza: damu mlipima kabla ya kulipa? Kuna dawa ya maumivu, fenilibutazoni, inayoweza kumfanya farasi mgonjwa atembee vizuri mpaka iishe mwilini. Hakuna atakayenishawishi kwamba dalali aliyeniuzia hakujua. Aliniimbia ukoo tu: "damu safi, mzee". Ni kweli, Thoroughbred wote wa leo kwa upande wa baba wanarudi kwa madume watatu walioingizwa Uingereza, Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian. Sasa ukoo unatibu kano? Kano ikichanika hupumzishwa hata miezi 9 mpaka 12, na ikipona hairudi kunyumbuka kama mwanzo, ni rahisi kuchanika tena. Muda wote huo majani, pumba na fundi wa kwato unalipia.

Sichukii Thoroughbred. Ila wengi huanza mbio wakiwa na miaka 2, mifupa haijakomaa. Hata ukichukua farasi aina ya Hanoverian wa kuruka au farasi wa Kiarabu wa mbio ndefu za kilomita 160, miguu ndiyo unayonunua.

Kwa hiyo tafuta daktari unayemlipa wewe, asiwe wa muuzaji. Akunje kila mguu kama dakika moja, kisha farasi akimbizwe palepale kwenye ardhi ngumu. Achukue damu ipimwe dawa, na hiyohiyo ipimwe nagana (ugonjwa wa mbung'o) na magonjwa ya kupe. Meno ayatazame, umri wa kwenye karatasi usiuamini.

Mwambie dalali Ijumaa anakuja daktari, pesa baadaye. Atakachojibu kilete hapa tukisome.