Swali la Lugha: Tanzia, kitanzi na kosa la Edipode

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Binti yangu yuko kidato cha tano, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Juzi nimekuta daftari lake liko wazi mezani, na juu ya ukurasa ameandika kwa herufi kubwa TANZIA. Nilishtuka nikamwita kwa sauti. Kumbe ni somo la fasihi, wanasoma Mfalme Edipode. Tangu lini tanzia ikawa mchezo? Jirani yangu anasema neno hilo limetokana na kitanzi, kwa kuwa mle watu hunyongwa. Halafu kuna hili: binti aliandika “kosa la Edipode”, mwalimu wake akalikata akaandika “dosari”. Ipi ni sahihi? Mama wa mwanafunzi, Tandika, Dar es Salaam.

JIBU: Marahaba, mama. Una haki ya kushtuka. Hapa mjini nani hajapokea ujumbe wa simu unaoanza na neno hilo? Kabla hujafika mstari wa pili, moyo umeshaanza kwenda mbio.

Nianze na jirani. Namwelewa, maana Jocasta, mke wa Edipode, anajinyonga kweli, na Kinjeketile tunayemsoma katika tamthiliya ya Ebrahim Hussein alinyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Lakini kitanzi na tanzia zinafanana kwa sauti tu. Tanzia ni neno la Kiarabu lenye maana ya kumfariji mfiwa, kumpa mkono wa pole. Kiswahili kimelipokea kwa sura mbili. Taazia imebaki karibu na nyumbani kwake: ni rambirambi, au maandishi ya kumkumbuka marehemu. Tanzia imesogea ikawa habari yenyewe ya kifo, ile inayokushtua kwenye simu. Wataalamu wa fasihi walipohitaji jina la mchezo unaomshusha mtu mkubwa hadi kwenye maangamizi, wakaichukua hiyo. Mchezo wa kuchekesha wakauita futuhi, na wengine huuita ramsa.

Wala si sisi peke yetu tuliokutanisha matanga na jukwaa. Nchini Iran, Waislamu wa madhehebu ya Shia hutumia neno hilohilo la Kiarabu kuliita igizo la kuuawa kwa Imamu Hussein pale Karbala mwaka 680.

Wako wanaoandika “trajedia”. Mimi siipendi. Kwa Kiyunani neno lile limeundwa na mbuzi na wimbo, na mtu wa Tandika akilisikia halimgusi popote. Tanzia inamketisha mtazamaji mkekani pamoja na wafiwa. Wale wazee wa mji wa Thebes wanaoimba katikati ya Mfalme Edipode, mchezo wa Myunani wa kale Sophocles, mimi huwaona kama majirani waliokuja kukaa matanga kabla maiti hajapatikana. Neno liko ngeli ya I-ZI: tanzia hii, tanzia hizi. Ajali ya basi ni msiba, au ni janga. Tangazo la aliyefariki ndiyo tanzia. Binti akiona huruma kukushtua tena, aandike “tamthiliya ya tanzia”.

Sasa hilo la kosa na dosari, ambalo limenikosesha usingizi kwa raha.

Mwalimu wake ana sababu. Vitabu vingi vya fasihi vinasema shujaa wa tanzia ana dosari inayomwangusha. Wazo hilo hurudishwa kwa Aristotle, aliyeandika katika karne ya nne kabla ya Kristo kwamba mtu huyo si mwema kupindukia wala si mwovu, bali anaanguka kwa sababu ya hamartia. Wasomaji wa Agano Jipya la Kiyunani wanalijua neno hili, kwa kuwa humo ndilo tunalolifasiri “dhambi”. Lakini lina uhusiano na kitenzi cha kale cha mrusha mshale au mkuki asiyepata shabaha. Yaani amekosa.

Angalia Kiswahili kinavyokuja chenyewe hapa. Mshale umekosa. Nimekwenda kwako nikakukosa. Mchezaji amekosa penalti, na uwanja mzima unashika vichwa. Katika yote hayo hakuna anayesema mtu ana dosari. Kisha kitenzi hichohicho kinatuzalia kosa, jambo tunaloweza kulifanya bila nia mbaya, hata bila kujua. Hatia ni kitu kingine, maana inahitaji mtu ahukumiwe. Na dhambi ni baina ya mtu na Mungu. Lugha yetu imeshika kwa mzizi mmoja kile kilichoshikwa na Kiyunani, na hatukukiazima popote.

Dosari ni ila iliyomo ndani ya kitu. Unanunua kanga Kariakoo, ukifika nyumbani unaona uzi umekatika katikati: hiyo ni dosari, ilikuwamo tangu kiwandani. Je, Edipode yuko hivyo? Kijana ameambiwa na kuhani wa Delphi kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Anaukimbia mji wa Korintho alikolelewa, ili asimguse mtu anayemdhania kuwa baba. Penye njia panda anagombana na mzee mmoja, anamuua, na mzee huyo ndiye Laius, mfalme wa Thebes, baba yake mzazi. Anafika Thebes, anategua kitendawili cha yule dubwana anayekula watu, anapewa ufalme, na mjane wa mfalme anakuwa mke wake: ndiye Jocasta, mama yake mzazi. Amelenga mbali na wazazi wake kwa nguvu zake zote, na mshale umewapata wote wawili.

Hasira anayo, hilo nakubali. Anavyomtukana nabii kipofu, mzee Tiresias, mbele za watu, mwanafunzi anaweza kuiita dosari na asinyimwe alama. Ila hasira haikumfanya awe mtoto wa Laius. Kilichomponza ni kutojua, na kutojua hakuingii katika dosari.

Samuel Mushi, aliyetutafsiria Mfalme Edipode mwaka 1971, alikuwa ameshatupa Makbeth ya Shakespeare mwaka 1968, na binti akizisoma pamoja ataona tofauti. Makbeth anajua kabisa kwamba mgeni aliyelala nyumbani kwake ni mfalme wake, na anaingia na kisu. Pale pana tamaa iliyomkaa rohoni. Kwake yeye, dosari ni neno la haki.

Kwa Edipode, mama, mwambie arudishe “kosa” lake lililokatwa, na aongeze sentensi moja ili mwalimu amwelewe: aseme Edipode alikuwa akilenga wapi, na mshale ukaangukia wapi.