Umechaguliwa mwenyekiti wa Young Farmers? Anza na daftari

Wiki jana msichana wa Kidato cha Tatu aliniandikia. Amechaguliwa mwenyekiti wa Young Farmers Club shuleni kwao, na swali lake lilikuwa fupi: "Dada, nifanye nini ili wanachama wanisikilize?" Nilianza kumjibu kwenye simu, majibu yakazidi kurefuka, nikaona heri niyaweke hapa. Najua mko wengi. Mnalipenda shamba, mnataka klabu yenu ifike maonyesho ya kilimo ya ASK (Agricultural Society of Kenya) na irudi na kombe, na mnaota kuwa siku moja mtakuwa na mifugo na mashamba yenu wenyewe.

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa klabu hiyo katika shule moja ya mseto kaunti ya Trans Nzoia. Huku kwetu mtoto anajua bei ya gunia la mahindi kabla hajaijua hesabu ya kuzidisha. Mama yangu alikuwa mwanachama wa 4-K, klabu ya kilimo ya wanafunzi, alipokuwa shule ya msingi, na hadi leo ukimwuliza atakutajia bila kusita: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Klabu hizo zilianza mwaka 1962 kwa kufuata mfano wa klabu za vijana za 4-H za Marekani, na enzi za mama zilikuwa na nguvu kweli. Zilipofufuliwa rasmi mwaka 2021 mimi nilikuwa nimeshaondoka shule ya msingi bila kuionja hata moja. Ndiyo maana nilipofika sekondari na kukuta kuna Young Farmers, nilijiandikisha juma lile lile.

Klabu ilikuwepo, lakini hali yake ilikuwa ya kusikitisha. Tulikuwa na vizimba vya sungura nyuma ya maabara. Sungura hubeba mimba kwa siku 31 hivi. Ukijua siku aliyopandishwa, siku tatu nne kabla ya kuzaa unamwekea sanduku lenye nyasi kavu, naye hunyonyoa manyoya yake mwenyewe na kuwatandikia wanawe. Kwetu hakuna aliyeandika siku ya kupandisha. Kila mtu alidhani mwenzake anakumbuka. Sungura wetu mmoja akazaa usiku, juu ya sakafu ya waya, msimu wa baridi, na baridi ya Kitale mnaijua. Asubuhi tulikuta vitoto vyote vimekufa. Viongozi wa wakati huo walisema ni bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya. Tarehe moja kwenye karatasi ingeviokoa vile vitoto, na mimi nilikataa kulisahau jambo hilo.

Mwaka uliofuata niligombea. Sikuahidi safari wala fulana. Nilisema nikichaguliwa kila mnyama atakuwa na ukurasa wake, kila tuta litakuwa na mwenyewe, na kila shilingi itaandikwa mbele ya watu. Nikashinda.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jibu langu la kwanza ni hili: nunua daftari. La kurasa nyingi, lenye jalada gumu. Andika tarehe ya kupanda, mbegu ya aina gani, samadi mikokoteni mingapi, mbolea ya CAN kilo ngapi, nani alipalilia, nani hakuja. Wanachama hawamsikilizi mtu kwa sababu ana cheo. Wanamsikiliza anayejua kinachoendelea shambani kuliko wao, na huwezi kujua bila kuandika.

Jambo la pili lilinigharimu zaidi. Shuleni kwetu, kama katika shule nyingi nchini, mwanafunzi akichelewa au akipiga kelele wakati wa prepu, masomo ya jioni, aliadhibiwa kwa kulima. Na shamba lililokuwa karibu lilikuwa la klabu. Wakosaji walikuwa wakiletwa kwenye matuta yetu na majembe, wanang'oa miche pamoja na magugu kwa hasira, halafu wanaondoka wakilichukia shamba na sisi wenye shamba. Nilimwendea mwalimu mlezi wa klabu, nikamwambia kwa heshima kwamba sitaki mtu yeyote alime hapa kwa adhabu. Alinielewa. Baadhi ya walimu wengine hawakunielewa, na niliitwa majina ambayo sitayarudia hapa. Lakini adhabu ile ikahamishiwa kufyeka uwanja, na muhula uliofuata wanachama wapya walijaa hadi tukakosa majembe.

Hebu niseme wazi hapa, hata kama kuna mwalimu atakayenuna. Tunalalamika kwamba vijana wa Kenya wanakimbia kilimo, huku kwa miaka yote ya shule jembe tunawapa siku wanapokosea tu. Kijana aliyelima kwa kulazimishwa atatoka shuleni akiapa kutoshika udongo tena, na tutamlaumu yeye. Kiongozi wa wanafunzi ana uwezo wa kulikomesha hili katika shule yake. Usiogope kulisema. Nenda na mlezi wako, nenda na hoja, na usiende peke yako.

Tukapanda sukuma wiki. Miche ikakaa kitaluni wiki nne, tukaihamisha kwa nafasi ya sentimita 60 kila upande, na kila mwanachama akakabidhiwa tuta lake kwa jina. Vidukari vilipoingia, hakuna aliyesubiri kuitwa, maana kila mtu alikuwa anatetea chake. Tulipoanza kuchuma tuliuzia jikoni ya shule kwa mkopo, tukakubaliana tutalipwa mwisho wa muhula. Kila mzigo ulipimwa kwenye mizani ya stoo, nikaandika kilo, na mtunza stoo akatia sahihi.

Ndipo tukaenda maonyesho ya Kitale. ASK ni chama cha tangu mwaka 1901, na majaji wake hawadanganyiki kwa mapambo. Stendi za jirani zilikuwa na mabango ya kuvutia kutushinda. Jaji mmoja akaniuliza: mmetumia kiasi gani hadi kuvuna, na mmebaki na nini? Nikamfungulia daftari. Akasoma kurasa kadhaa bila kusema neno, akawaita wenzake. Tulichukua nafasi ya kwanza kati ya sekondari zilizoshindana nasi. Nasema kwa fahari, na sitaipunguza fahari hiyo kwa ajili ya mtu: kombe lile tulilipata kwa kazi yetu.

Jumatatu kwenye gwaride kombe liliinuliwa, uongozi wa shule ukapongezwa kwa maono yake, na hakuna mwanachama hata mmoja aliyeitwa mbele. Wasichana walioamka alfajiri kumwagilia walisimama mistari ya nyuma wakipiga makofi kama wageni. Halafu tulipokwenda kudai pesa za sukuma wiki, tuliambiwa shamba ni la shule, kwa hiyo mboga ni za shule. Imepita miaka na bado linaniuma.

Ila daftari lilikuwepo, lenye kilo, tarehe na sahihi. Mlezi wetu akaingia nalo ofisini. Tulilipwa sehemu, si zote. Bila daftari tusingepata hata shilingi.

Leo nina duka la agroveti, la pembejeo na dawa za mifugo, mjini Kitale. Wakulima wazima huja kuniuliza kwa nini ng'ombe hashiki mimba. Nikiwauliza alipandishwa lini, wananitazama tu. Nawaambia nyinyi vijana: andikeni. Mkiuza, andikeni. Mkikopesha, andikeni na mdai sahihi, hata kwa mwalimu mnayempenda, kwa sababu mapenzi hayahesabiki mwisho wa muhula. Na msikubali sifa ya kazi yenu iende kwa wengine mkiwa mmenyamaza. Mwombe mlezi orodha ya wanachama isomwe kabla kombe halijainuliwa.

La mwisho ni urithi wa uongozi. Ukifika Kidato cha Nne utakuwa na mradi wa Kilimo wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na mitihani ya majaribio, na klabu itakufa mikononi mwako huku ukiipenda. Mtafute mrithi mapema, atoke darasa la chini yako, na akae nawe muhula mzima akiandika yeye na wewe ukikagua. Mimi nilimwachia mvulana mmoja mtulivu aliyekuwa zamu ya sungura. Alipoingia, kazi yake ya kwanza ilikuwa kulidai tena lile deni lililobaki. Pesa hakupewa. Alipewa mabati yaliyokuwa yamesalia kwenye ujenzi wa bweni, na klabu ikajenga banda la kuku. Aliyaandika kwenye daftari lile lile: idadi, geji, tarehe, na sahihi ya aliyeyatoa. Nawe ukilipwa kwa mali badala ya pesa, ipokee, lakini iandikwe hivyo.