Usihamie Morogoro kwa ahadi ya mdomo

Mkuu, hicho chumba cha Kimara, hapa Dar, usikiachie! Unasema bosi kawaambia kwa mdomo kwamba kuanzia mwezi ujao mtafanyia kazi nyumbani, nawe unataka kuhamia Morogoro kwa sababu kodi ni nafuu. Fungua kwanza mkataba wako, utafute palipoandikwa mahali pa kazi.

Wangu uliandikwa Dar es Salaam. Meneja rasilimali watu alisimama mbele ya wafanyakazi wote akasema, "Hameni hata Kigoma, mradi kazi iende." Nikalipa kodi ya mwaka mzima Morogoro. Nikahamisha watoto shule, ada mpya, sare mpya, na makabati nikayauza kwa bei ya kutupa. Halafu Ijumaa usiku ukaingia ujumbe kwenye grupu la WhatsApp: Jumatatu wote ofisini. Nilipomfuata yule bwana alitoa mkataba wangu, akaweka kidole kwenye "Dar es Salaam", akaniambia nimwonyeshe palipoandikwa Kigoma. Yeye huyohuyo! Mtu anavunja nyumba za watu kwa maneno ya kikaoni, halafu anajificha nyuma ya karatasi.

Mwenye nyumba wa Morogoro hakurudisha hata shilingi. Dar nikaanza upya na madalali, kila mmoja anataka kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake. Na usiniambie treni ya SGR ipo. Ilipoanza Juni 2024 nauli ya Dar hadi Morogoro ilikuwa 13,000 kwenda tu. Kwenda na kurudi siku tano ni 130,000 kwa wiki, bodaboda bado.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akuandikie mahali pa kazi na saa za kazi. Yakibadilika, ashauriane nawe, arekebishe maandishi na akujulishe kwa maandishi. Kwa hiyo dai barua: utafanyia kazi wapi, mpaka lini, atakupa notisi ya muda gani kabla ya kukurudisha, nani analipa bando na umeme wa LUKU. Akisema "tunaaminiana", kaa Kimara.

Faida zipo, foleni ya asubuhi utaisahau. 

Barua ikishapigwa muhuri njoo PM, Kihonda ya Morogoro kuna nyumba nzuri nitakuelekeza.