Sauti Yajaa Chumba Kitufe Hakijafika Robo

SWALI: Nimeunganisha priampu (kifaa cha kwanza, chenye kitufe cha sauti) na amplifaya ya nguvu (inayoendesha spika), za makampuni mawili tofauti. Kitufe cha sauti hakijafika hata robo ya mzunguko, chumba kimeshajaa. Nikisikiliza kwa sauti ya chini, spika ya kushoto huizidi ya kulia, na mchakacho mwembamba hubaki hata kitufe kikiwa sifuri. Je, ninunue amplifaya nyingine?

JIBU: Usinunue chochote kwa sasa, kwa sababu yaelekea vifaa vyako ni vizima, ila vyote viwili vinakuza kupita mahitaji. Amplifaya ya wati 100 kwenye spika ya omu 8 hutoa takriban volti 28, na kama ukuzaji wake ni desibeli 29, yaani mara 28, volti 1 tu ikiingia huifikisha kikomoni. Kicheza CD hutoa hadi volti 2. Priampu yenye ukuzaji wa desibeli 12 huzizidisha mara nne, zikawa 8. Kwa hiyo unabaki kutumia kipande cha mwanzo cha kitufe, na hapo hasa ndipo pande mbili za potenshomita (kinzani kinachogeuzwa na kitufe), ya kushoto na ya kulia, zisipolingana vizuri.

Mchakacho una habari yake. Zima amplifaya, chomoa nyaya za priampu, na mahali pake uchomeke plagi za RCA (aina ya kawaida ya nyaya za sauti) ambazo pini yake ya kati imeunganishwa na ganda, kisha washa. Kelele ikitoweka, ilikuwa ya priampu. Ikibaki, ni ya amplifaya yenyewe, na dawa ninayoieleza hapa haitaigusa.

Ikiwa amplifaya ina kirekebishi cha ukuzaji kwa nyuma, kipunguze, na kazi imekwisha. Kama haina, weka rezista (vipande vya kuzuia umeme) mbili katika kila upande, wa kushoto na wa kulia: ya kiloomu 6.8 ipitishe mawimbi, na ya kiloomu 3.3 itoke baada yake kwenda kwenye ardhi ya waya, yaani ule wa nje unaoungana na ganda la plagi. Mawimbi yatashuka kwa desibeli 10 hivi, na kelele ya priampu itashuka pamoja nayo. Zifunge karibu na amplifaya, wala si upande wa priampu, kwani waya mrefu baada ya rezista hupunguza sauti nyembamba za juu. Tena hakikisha ukinzani wa towe (tundu la kutolea mawimbi) la priampu hauzidi kiloomu 1. Wapo wanaohofu kwamba hivyo wataipoteza nguvu ya amplifaya, hofu ambayo hesabu yenyewe inaikanusha: volti 8 zikipunguzwa hivyo hubaki takriban 2.5, ilhali amplifaya inahitaji 1 tu.